Okidi Chupani, Okidi Mahakamani

Mbegu ya okidi ni ndogo mithili ya vumbi, wala haina akiba ya chakula. Msituni haistawi mpaka ipenywe na kuvu maalumu inayoilisha. Mwaka 1922 mwanasayansi wa Kimarekani, Lewis Knudson, alionyesha kwamba mbegu hizo huota bila kuvu zikipandwa ndani ya chupa iliyotakaswa, yenye agari, sukari na chumvi za madini. Kwa njia hiyo tunda moja huweza kutoa maelfu ya miche.

Ingedhaniwa kwamba ugunduzi huo ungekomesha uchimbaji wa okidi za porini. Haukuukomesha, kwa sababu mche huchukua miaka kadhaa kuchanua, na wapenda aina mpya hawana subira. Mwezi Juni 2002 okidi ya Peru yenye ua kubwa la zambarau iliingizwa Florida bila kibali. Wataalamu wa Bustani ya Marie Selby waliiita Phragmipedium kovachii, kwa heshima ya aliyeileta. Kumbe Mkataba wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, huiweka jenasi hiyo yote katika orodha ya ulinzi mkali kabisa. Bustani ilikiri kosa, ikatozwa faini ya dola 5,000. Mletaji naye akatiwa hatiani. Jina lilibaki, maana kanuni za kutaja mimea hazifuati hukumu za mahakama.

Mkataba huo huachilia miche iliyomo chupani, mradi wazazi wake walipatikana kihalali. Mche wa mzazi wa magendo hauna ruhusa hiyo, ijapokuwa hata darubini haiwezi kuutofautisha na mwenzake.