Mwanamke Mkananayo na Vita vya Yoshua

Anayetoka kitabu cha Yoshua na kuingia Injili ya Mathayo anaweza kudhani amebadilishiwa Mungu. Katika Kumb 7:1-2 Israeli inaamriwa kuyaangamiza mataifa saba, Wakanaani wakiwamo, bila huruma. Huko Yeriko (Yos 6) hawasazwi wazee wala watoto. Kisha, katika Mt 5:44, Yesu anaagiza adui apendwe na kuombewa. Swali hili si la darasani tu, kwa maana wapo waliowahi kumtumia Yoshua kuhalalisha kuwanyang'anya wengine ardhi yao.

Katika karne ya 2 Marsioni alichagua njia rahisi: Agano la Kale ni la mungu mwingine, liachwe. Kanisa lilimkataa. Hata hivyo, wafuasi wake wasiojijua bado tunao, wale wasemao kwamba Mungu wa zamani alikuwa mkali na wa sasa ni mpole.

Origene, katika karne ya 3, alihubiri kwamba Wakanaani ni dhambi zinazokaa moyoni mwetu, na hizo ndizo za kung'olewa zote. Tena kwa Kigiriki Yoshua na Yesu ni jina moja. Usomaji huo unalisha roho, lakini haumalizi swali: mtoto wa Yeriko hakuwa dhambi ya mtu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano (Dei Verbum, 15) unakiri kwamba vitabu vya Agano la Kale vina mambo yasiyo kamili na ya muda, ingawa vinaonyesha jinsi Mungu anavyowalea watu wake. Papa Benedikto XVI (Verbum Domini, 42) anaongeza kwamba mpango wa Mungu ulidhihirika hatua kwa hatua, katikati ya ukaidi wa wanadamu. Isitoshe, masimulizi ya vita ya zamani hizo yalikuza ushindi. Mesha, mfalme wa Moabu wa karne ya 9 K.K., aliandika juu ya jiwe kwamba Israeli imeangamia milele, na Israeli ilikuwapo bado. Vivyo hivyo, Yos 10:40 inasema hakusazwa yeyote, lakini Amu 1 inataja mji baada ya mji ambamo Wakanaani waliendelea kukaa.

Mathayo anawarudisha Wakanaani hao kwa makusudi. Mama aliyemwombea binti yake, Marko (7:26) anamwita Msirofoinike. Mathayo (15:22) anamwita Mkananayo, jina la kizamani, jina la adui wa kwenye orodha ya Kumbukumbu la Torati. Jibu analopewa kwanza ni gumu, wala tusilipambe. Lakini mwishoni Yesu anaisifu imani yake kuwa ni kubwa, na binti anapona.

Mama huyo anamwita Yesu Mwana wa Daudi. Ukifungua ukoo wa Daudi katika Mt 1:5, utamkuta Rahabu, mama yake Boazi. Mapokeo yanamtambua kuwa ndiye yule mwanamke wa Yeriko.