Kalamu, Kioo na Koili: Kuchagua Kishikwambi Kipya cha Kuchorea

Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, akiwa ameishiwa na karatasi na wino. Nyangwe kilikuwa kituo cha mbali cha njia ile ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikavuka ziwa kutoka Ujiji. Basi alichukua gazeti kuukuu la London, akaandika habari zake juu ya herufi zilizokwisha kupigwa chapa, kwa wino alioutengeneza mwenyewe kutokana na rangi ya mmea wa huko. Siku ile wino ulifaa. Baadaye ulififia kiasi kwamba kurasa nyingi hazikusomeka tena, na hata ilipofika mwaka 2011 wataalamu walilazimika kuzipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, pamoja na ile isiyoonekana kwa macho, ndipo maneno yalipojitokeza.

Yaliyompata mwandishi wa makala hii ni madogo kuliko hayo, lakini ni ya aina moja. Nilikuwa nikiwachorea wanafunzi wa Kidato cha Pili picha za historia ya Unyanyembe: nyumba ya Kwihara walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, pamoja na miembe mikubwa ya njia ya misafara. Nilichora kwa kishikwambi chenye kalamu yake. Kikaanguka sakafuni, kioo kikapasuka. Fundi mmoja akakibadilisha kioo kwa siku moja, akaniambia, "Mwalimu, kimepona." Nilipogusa kwa kidole, kilitii. Nilipogusa kwa kalamu, hakikuonyesha hata nukta. Je, kwa nini kioo kimoja kisikie kidole, kisisikie kalamu? Mtu akilielewa jibu la swali hili, amekwisha kuelewa nusu ya kazi ya kuchagua kishikwambi cha kuchorea.

Chini ya kioo cha vishikwambi vya siku hizi mna wavu wa nyuzi zinazopitisha umeme, nyembamba hata hazionekani. Kila mahali nyuzi mbili zinapopishana pana uwezo mdogo wa kuhifadhi chaji, kama katika kapasita tunayoifundisha madarasani. Mwili wa binadamu hupitisha umeme. Kidole kikikaribia, uwezo huo hubadilika, na kompyuta hukadiria mahali ulipobadilika zaidi. Kalamu zenye ncha nene ya mpira zinazouzwa kwa bei ndogo madukani hujifanya kidole tu. Ncha yake haina budi kuwa nene ili wavu uisikie, wala haina njia ya kueleza kama mkono umekandamiza kwa nguvu au kwa upole. Zafaa kwa kubonyeza. Kwa kuchora mshipa wa jani hazifai.

Kalamu halisi ya kuchorea hufanya kazi kwa mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ndiyo iliyokuwa katika kishikwambi changu. Nyuma kabisa ya kioo, chini ya tabaka la picha, mna bamba lenye koili nyingi. Bamba hupitisha mkondo geu wenye mitetemo laki kadhaa kwa sekunde, nao hutoa uga wa sumaku unaopenya kioo. Ndani ya kalamu mna koili ndogo na kapasita, vilivyolinganishwa na mitetemo hiyo kama vile redio inavyolinganishwa na stesheni. Kalamu hupokea nishati kutoka kwenye uga, hutetema, kisha huurudisha mwangwi, na bamba hutambua ulikotoka. Ncha ikikandamizwa, mlinganyo ule hubadilika kidogo, na badiliko hilo ndilo linalofanya mstari uwe mnene au mwembamba. Kalamu ya namna hii haina betri. Yaweza kukaa mezani miaka kumi na siku ya kumi na moja ikaandika. Kampuni ya Wacom ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1983, ndiyo iliyoieneza njia hii duniani.

Katika njia ya pili kalamu ina betri yake, nayo hutuma ishara za umeme zinazopokewa na wavu ule ule wa kidole. Hakuna haja ya bamba la nyuma. Kalamu ya Apple, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2015, ni ya namna hii. Hapa lazima mnunuzi awe macho: kampuni nyingi zina lugha zao za ishara, na mara nyingi kalamu ya mmoja haisikilizwi na kishikwambi cha mwingine. Hata zile za Apple, si kila moja inayoafikiana na kila iPad. Kununua kalamu leo na kishikwambi mwezi ujao, kwa kuwa kalamu ilipatikana kwa bei nafuu, ni kujitafutia hasara.

Sasa kitendawili chetu kinafumbuka. Fundi aliubadilisha wavu wa mbele, kwa hiyo kidole kikasikika. Bamba la nyuma lina mkanda wake mwembamba wa waya. Kifaa kilipofunguliwa tena na fundi wa pili, mkanda ulikutwa umeachwa bila kuunganishwa, nalo bamba limepinda upande mmoja. Aliuunganisha, kalamu ikarudi, isipokuwa katika ukanda wa upana wa vidole viwili pembeni, ambako mistari hupotea. Kwa hiyo kununua kipya hakukuepukika.

Sanduku la kishikwambi hujivunia tarakimu. Maarufu ni ngazi za mkandamizo, 4,096 au 8,192. Sidhani kwamba mkono wa mtu waweza kutofautisha hata sehemu ndogo ya ngazi hizo. Lenye maana zaidi ni uzito wa chini kabisa unaohitajika ili mstari uanze, nao aghalabu hauandikwi popote. Jingine ni uchelewaji. Mkono ukienda kwa kasi ya sentimeta 30 kwa sekunde, na kishikwambi kikichelewa sehemu 50 za elfu ya sekunde, basi mstari uko milimita 15 nyuma ya ncha. Uchelewaji ukipungua hadi sehemu 20, umbali huwa milimita 6. Mwenye kuandika hesabu atavumilia tofauti hiyo, bali mchoraji atajihisi kama anavuta kamba.

Kwa sababu hiyo, mwendee muuzaji ukiwa na rula. Iweke mshazari juu ya kioo, upitishe kalamu polepole sana. Kishikwambi hafifu hutoa mstari wenye mawimbi, hata kama rula haikusogea. Kisha chora kwa kugusa kidogo sana, kama unyoya, uone mstari unaanza wapi. Chora pia pembeni kabisa, mahali ambapo vifaa vingi hukosea. Dakika tano za majaribio haya zina thamani kuliko karatasi nzima ya sifa.

Jambo la mwanga hupuuzwa na wanunuzi wa miji ya mbali, lakini sisi wa Tabora hatuwezi kulipuuza. Tuseme unachora nje, chini ya mwembe, na anga jeupe lenye mng'ao wa kandela 3,000 kwa kila meta ya mraba linajiakisi katika kioo. Kioo laini hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga, yaani kandela 120. Ikiwa weupe wa kishikwambi ni kandela 400, jicho litaona weupe wa 520 dhidi ya weusi wa 120: tofauti ya mara nne na kidogo tu. Ndani ya darasa, mbele ya ukuta wenye mng'ao wa kandela 100, kioo hicho hicho hurudisha 4, na tofauti huwa mara 100 hivi. Vivuli vya picha uliyoichora darasani havionekani kabisa ukiitoa nje. Anayekusudia kwenda kuchora Kwihara kwenyewe atafute kioo chenye mng'ao mkubwa na utando wa kupunguza mwakisiko.

Kuhusu kumbukumbu ya kazi, hesabu ni nyepesi. Ukurasa wa A4 kwa ubora wa chapa una nukta 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kila nukta huchukua baiti 4, kwa hiyo tabaka moja la picha ni karibu baiti milioni 35. Matabaka 20 ni milioni 700. Kishikwambi chenye baiti bilioni 4 kinaweza kazi hiyo, ingawa programu zake nyingine nazo zinadai sehemu yao. Chenye bilioni 2 kitaanza kufunga picha bila ruhusa.

Betri za lithiamu huchakaa upesi zaidi zikiwa na joto huku zimejaa chaji. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha matumizi kuwa nyuzi 35 za Selsiasi. Tabora, ingawa iko juu kiasi cha meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, hukikaribia kikomo hicho mwezi wa Oktoba, na kiti cha gari lililoachwa juani hukipita mbali.

Walimu wengi watauliza juu ya vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022, ambavyo baadaye walikabidhiwa walimu. Jaribio ni rahisi: kishikwambi chenye njia ya kalamu kwa kawaida huonyesha nukta ncha ya kalamu yake inapokikaribia kabla ya kukigusa. Kisichoonyesha, kitumie kwa kusomea na kuonyeshea picha, usikilazimishe kuchora.

Mimi mwishowe sikununua kishikwambi. Nilinunua bao la kalamu lisilo na kioo cha picha, la njia ya koili, linalochomekwa kwa waya katika kompyuta ya zamani ya shule. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya kishikwambi, halina betri ya kuchakaa, na programu ya Krita ninayoitumia nalo ni ya bure. Ila mkono huchora mezani huku macho yakitazama mbele, na wiki mbili za kwanza kila mlango niliouchora ulikuwa umepinda. Wala haliwezi kuchukuliwa hadi Kwihara. Huko naenda na penseli na daftari, kama James Grant aliyepita Kazeh pamoja na Speke mwaka 1861 akiwa na rangi zake za maji; picha zake zimehifadhiwa Edinburgh hata leo. Za kwangu, zile zilizokuwemo katika kifaa kilichoanguka, zilisalimika kwa sababu mwanafunzi mmoja alikuwa amezinakili zote, ila tatu.