Sitara na Bei Yake Katika Jangwa la Marekani

Katika tijara zote zinazotegemea wasafiri, ni chache zilizo na tabia ya kustaajabisha kama ile ya kuwapokea watu wanaopenda kukaa uchi jangwani, kwa kuwa mteja wake hulipa ili apate ruhusa ya jambo ambalo jangwa lenyewe, maadamu ni pana na halina watu, lingemruhusu bila ya senti moja. Biashara hii yaonekana vizuri zaidi Marekani, katika majimbo ya California na Arizona, ambako majangwa ya Mojave na Sonora yanapakana na barabara kuu, miji ya starehe, na wastaafu wenye pensheni na nafasi. Msomaji wa pwani yetu, aliyelelewa baina ya kanzu na buibui, halazimiki kuipenda desturi hii ili aifahamu hesabu yake; mintarafu ya adabu zao wao ndio watakaojibu, na sisi yatutosha kuuliza ni nani anauza, ni nani ananunua, na kinachouzwa ni kitu gani hasa.

Asili ya mambo haya si jangwa wala si Marekani. Ni Wajerumani walioanza kuhubiri mapema katika karne ya ishirini kwamba jua na hewa juu ya mwili mtupu ni afya, na mhamiaji mmoja wa kwao, Kurt Barthel, ndiye aliyewakusanya wenzake katika vilima vya New York mwaka 1929, kisha mwaka 1931 kikaanzishwa chama ambacho leo, baada ya kubadili majina, huitwa American Association for Nude Recreation. Vilabu vya zamani vilikuwa vya uanachama: mtu aliomba kuingia, akachunguzwa, akalipa kodi ya mwaka, na jina lake likafichwa. Jangwa lilipoingia katika hesabu ndipo klabu ilipoanza kugeuka hoteli.

Soko kuu la hoteli hizo ni Palm Springs, mji wa Bonde la Coachella ulio mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Los Angeles. Sehemu kubwa ya ardhi ya mji huo ni mali ya wenyeji wa asili wa Agua Caliente Cahuilla, na tangu sheria ya mwaka 1959 ilipowaruhusu kukodisha viwanja vyao kwa muda unaofika miaka 99, wenye mitaji walipata moyo wa kujenga. Baina ya hoteli nyingi za kawaida zimo zile zenye kuta ndefu na lango moja, na ndani yake bwawa, beseni la maji moto, mitende, na wageni wasiovaa kitu. Nyingi kati ya hizo ni nyumba ndogo za wageni za mtaa wa Warm Sands, zinazowapokea wanaume mashoga. Nyingine, kama Desert Sun, iliyokuwa ikiitwa Desert Shadows, huwapokea zaidi mume na mkewe. Hoteli hii ya pili ilienea hata ikawa na majengo pande zote mbili za barabara kubwa ya Indian Canyon Drive, na kwa kuwa mgeni hangeweza kukatiza barabara ya umma kama alivyozaliwa, likajengwa daraja la miguu juu ya magari, likapewa jina la Lee Baxandall, mwandishi aliyeasisi jumuiya ya The Naturist Society mwaka 1980. Sijui daraja jingine ambalo mtu aligharimia saruji na chuma ili mwenziwe asilazimike kurudi chumbani kutafuta suruali.

Hapo ndipo hesabu ya biashara hii inapodhihirika. Anachonunua mgeni si uchi, kwa kuwa uchi anao tangu kuzaliwa; ananunua sitara, yaani ukuta unaomzuia mpita njia asitazame, na kanuni zinazomzuia jirani yake wa bwawani asimtazame vibaya. Kanuni hizo zafanana karibu kila mahali: hakuna kamera, hakuna kumkodolea mtu macho, na kila mmoja hukaa juu ya taulo lake, sharti la usafi ambalo bila shaka humpa dobi wa hoteli kazi isiyokwisha. Vilabu vingi pia huwawekea mpaka wanaume wanaokuja peke yao, wakihofu kwamba wakizidi watawafukuza wanawake, na wanawake wakiondoka wanandoa nao wataondoka. Mwenye hoteli hujinyima ada iliyo mkononi ili ailinde iliyo njiani. Kutangaza nako kuna taabu yake, maana bidhaa yenyewe haionyesheki: picha za matangazo yao aghalabu ni za bwawa lisilo na mtu, au za migongo ya watu waliokaa mbali.

Ukuta, hata hivyo, haungetosha pasipo sheria. Mwaka 1972 mahakama kuu ya California, katika kesi ya mtu aliyekamatwa kwa kulala uchi akiota jua kwenye ufuko uliojitenga, iliamua kwamba utupu peke yake, pasipo nia ya ufasiki, hauwi kosa lile la jinai aliloshitakiwa nalo. Huko Arizona sheria imeegemea upande mwingine, nayo huuliza kama mtu alijali au hakujali kwamba aliyekuwapo, akiwa mwenye akili timamu, angechukizwa. Basi palipokusanyika watu waliokubaliana, wa kuchukizwa hapatikani.

Mapatano ya namna hiyo ndiyo yanayoliendesha soko la pili, lililo kinyume cha la kwanza. Quartzsite ni mji mdogo wa Arizona kando ya barabara kuu ya 10, wenye wakazi elfu chache, lakini kila majira ya baridi nyumba za magurudumu kutoka Kanada na majimbo ya kaskazini humiminika huko kwa wingi hata jangwa likametameta kwa mabati. Ofisi ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma huwaachia wakae kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili, na kwa miaka mingi ada ya msimu mzima ilikuwa dola 180, yaani chini ya dola moja kwa siku, pamoja na maji na mahali pa kumwaga taka. Kusini mwa mji kuna pembe ya ardhi hiyo iitwayo Magic Circle, ambako wakazi wa msimu wamezoeana kuishi bila nguo: wanafua, wanapika, wanatengeneza betri za jua, na jioni wanaota moto. Hapana ukuta wala mlinzi. Umbali ndio ukuta. Na fedha ambayo hawakumpa mwenye hoteli huwafikia wauza gesi, mafundi wa magari, na wachuuzi wa vito vya mawe ambao maonyesho yao yamekuwako mjini humo tangu miaka ya 1960.

Mji huu umezoea wageni wa ajabu. Katika makaburi yake kuna piramidi lenye sanamu ya ngamia juu yake, kaburi la Haji Ali, mchungaji wa ngamia kutoka dola ya Uthmaniya, aliyeletwa katika miaka ya 1850 jeshi la Marekani lilipotaka kujaribu wanyama hao jangwani; jaribio likafa, naye akafa mwaka 1902, akiwa anaitwa Hi Jolly na watu walioshindwa na jina lake. Na hadi mwaka 2019 alikuwako Paul Winer, mpiga piano aliyegeuka muuza vitabu, akihudumia wateja wa duka lake la Reader's Oasis akiwa amevaa kofia, mkufu, na kifuko kimoja cha kusitiri pale pa lazima. Wengi waliingia kumtazama wakatoka na kitabu, na hilo ni tangazo ambalo hoteli zenye kuta haziwezi kulinunua.

Yafaa ikumbukwe kwamba wakati wa kuvua nguo jangwani ni kipupwe. Januari mchana wa Quartzsite hufika karibu nyuzi 20, lakini usiku huwarudisha wote katika sweta; na kiangazi hakikaliki, maana tarehe 5 Julai 2024 Palm Springs ilipanda nyuzi 51. Hoteli hushusha bei miezi hiyo na kuomba wageni kama mwombaji wa msikitini. Tamasha la Burning Man, katika jangwa la Nevada, ambako wengi hutembea watupu, hufanyika mwishoni mwa Agosti, lakini hilo ni la siku chache, na ndani ya mji wake wa muda karibu hapana kinachouzwa ila barafu.

Shida kubwa ya wenye hoteli sasa ni umri wa wateja. Walioingia vilabuni wakiwa vijana katika miaka ya 1970 ni wazee, na watoto wao hawataki kadi ya uanachama wala kodi ya mwaka. Wakija, huja kwa siku moja, wengine wakiwa wamevaa. Ndiyo maana nyumba nyingi zimeacha kujiita vilabu na kuandika mlangoni kwamba nguo ni hiari. Kwa mtazamo wa rasilimali uamuzi huo ni wa busara, kwani ukuta ule ule huvuta wateja wa aina mbili. Lakini mzee aliyelipa miaka thelathini ili asiwe na mtazamaji hapendi kuogelea mbele ya kijana mwenye kaptura, na nyumba yenye bwawa moja haiwezi kuwaridhisha wote wawili: hulazimika kuchimba la pili, au kuchagua ni nani wa kumpoteza.