Shahada ya Kemia Hupimwaje? Somo Litokalo Ziwa Viktoria

Mwezi Aprili 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki watokao Tanzania na Kenya. Ilihofiwa kwamba baadhi ya wavuvi wa Ziwa Viktoria walikuwa wakitumia dawa za kuulia wadudu ili kuwapata samaki kwa urahisi. Viwanda vya kusindika sangara vya Mwanza vikapoteza soko kubwa, na hasara hiyo ikawafikia wavuvi, wachuuzi na wabeba mizigo wa mialoni. Maneno matupu hayakuweza kulifungua soko hilo. Kilichotakiwa ni matokeo ya maabara, yaani tarakimu zenye kuonyesha kama sumu imo katika minofu ama haimo.

Tukio hilo lafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa kidato cha sita anayekusudia kusoma kemia katika chuo kikuu. Jina la chuo, uzuri wa majengo na wingi wa masomo yaliyoorodheshwa katika kitabu cha mwongozo havitoshi kuonyesha ubora wa shahada. Kipimo kilicho imara zaidi ni hiki: je, mhitimu wake aweza kutoa tarakimu na kuitetea?

Tarakimu na kiasi cha kupotoka kwake

Chukulia kwamba kikomo cha zebaki katika samaki kimewekwa kuwa miligramu 0.5 kwa kila kilo. Hiyo ni sehemu moja tu ya zebaki katika sehemu 2,000,000 za samaki. Mpimaji wa kwanza aandika 0.45, kisha anyamaza. Wa pili pia aandika 0.45, lakini aongeza kwamba kipimo chake chaweza kupotoka kwa 0.10 juu au chini. Wa kwanza ameupitisha mzigo. Wa pili ameonyesha kwamba kiwango halisi chaweza kuwa popote kati ya 0.35 na 0.55, na kwa hiyo yafaa samaki hao wapimwe upya kwa njia iliyo makini zaidi. Shahada njema ni ile imtoayo mpimaji wa pili.

Kwa wakazi wa kanda ya ziwa mfano huu si wa mbali. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Geita hutumia zebaki kuinasa dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko huo. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, na dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064. Hivyo zebaki huondoka kama mvuke na dhahabu ikabaki. Mvuke huo hatimaye hurudi ardhini na majini, ambako bakteria huweza kuigeuza sehemu ya zebaki kuwa methili-zebaki, sumu ijilimbikizayo katika miili ya samaki. Mwaka 1996 J. R. Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na H. Akagi wa Japani walichapisha matokeo ya vipimo vya zebaki katika samaki na watu wa maeneo hayo ya dhahabu. Samaki wa ziwani kwa jumla walionekana kuwa na zebaki kidogo. Haja ya tahadhari haikuondoka, lakini hofu ilitenganishwa na hakika.

Saa za maabara

Katika utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya kwanza ya miaka mitatu huhitaji mikopo ya masomo isiyopungua 360, na kila mkopo mmoja ni saa 10 za kujifunza. Jumla yake ni saa 3,600. Humo mna mihadhara, semina, maabara na kujisomea, kwa hiyo programu mbili zenye jumla moja zaweza kutofautiana sana kwa saa za majaribio.

Miongozo ya mwaka 2015 ya Chama cha Kemia cha Marekani ilidai saa 400 za maabara baada ya mafunzo ya awali. Somo lenye alasiri moja ya saa tatu kila wiki, kwa wiki 15, hutoa saa 45. Kuzifikia saa 400 kwahitaji masomo tisa ya namna hiyo. Mwanafunzi na aichukue mitaala anayoilinganisha, afanye hesabu hiyo hiyo.

Hata hivyo saa pekee hazitoshi. Mashine ya kromatografia iliyofunikwa kitambaa haimfundishi mtu. Yafaa kuuliza: je, kila mwanafunzi hupima mwenyewe, au kumi na wawili humtazama mmoja? Je, katika mwaka wa mwisho hufanya utafiti wake kwa sampuli aliyoichukua mwenyewe? Je, watahini wa nje hukagua kazi za maabara, au mitihani ya kuandika tu?

Pa kuuliza

Kijana wa Mwanza aendaye kusoma Dar es Salaam, ambako Kitivo cha Sayansi kilianzishwa mwaka 1965, husafiri zaidi ya kilomita 1,000. Lakini ushahidi wa ubora wa shahada waweza kupatikana karibu na nyumbani. Nyegezi ipo Maabara ya Taifa ya kudhibiti ubora wa samaki, na mjini Mwanza ipo ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwalimu aweza kuomba ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi mahali kama hapo, wakawaulize wapimaji swali moja: mhitimu mpya afikapo, hukosa ujuzi gani?

Maandalizi yenyewe yaweza kuanza katika maabara ya shule. Mwanafunzi apimapo asidi kwa bureti, asiandike wastani peke yake. Aandike vipimo vyote vitatu, hata kile kisichopendeza, na aeleze ni kwa nini vilitofautiana.