Picha Nazo Ni Mali

Yeyote aliyepata kusimama kwenye mialo ya Nyarugusu au Rwamgasa, mkoani Geita, amewaona watu wa namna mbili. Yuko anayeosha udongo wa dhahabu, na yuko anayempiga picha. Wa kwanza anaijua thamani ya alichokishika, kwani walanguzi walimpunja miaka mingi hadi akajifunza. Wa pili, akiwa kijana wa hapa kwetu, mara nyingi hajui kwamba naye ameshika mali. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo.

Biashara ya kuwauzia wageni picha zetu si jambo jipya, na ndugu zetu wa visiwani ndio waliotutangulia. Mwishoni mwa karne ya 19, wapiga picha wa Unguja kama A. C. Gomes waliuza picha za mji na za watu wake kwa abiria wa meli. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, nayo ikarithiwa na mwanawe. Kilichobadilika ni chombo cha kusafirishia tu. Leo picha hupita katika intaneti. Mawakala kama iStockphoto, iliyoanzishwa mwaka 2000, na Shutterstock, iliyoanzishwa mwaka 2003, hupokea picha za mtu yeyote, huzikagua, kisha huwauzia wanunuzi ruhusa ya kuzitumia. Picha hubaki mali ya aliyeipiga, na yaweza kuuzwa mara mia.

Mali ya namna hiyo Shinyanga na Geita tunayo tele. Tunayo pamba inayochumwa, na malambo yanayonyweshea mifugo. Tunazo ngitili zilizorudisha miti katika ardhi iliyokuwa imekwisha, kazi iliyosukumwa na mradi wa HASHI tangu mwaka 1986. Tunacho kisiwa cha Rubondo, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Mwenyeji anayajua majira ya vitu hivi na saa ya mwanga wake kuliko mgeni anayepita kwa siku tatu.

Hata hivyo, hatuna budi kuwaeleza vijana ukweli. Biashara hii haimtajirishi mtu kwa usiku mmoja. Tangu Juni 2020, Shutterstock humlipa mpiga picha kuanzia asilimia 15 hadi 40 ya mauzo, na kila Januari humrudisha ngazi ya chini kabisa. Ziko picha zilizolipwa senti 10 za dola. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki chataka picha nyingi, zenye maelezo sahihi ya Kiingereza, zilizopigwa kwa subira ya miaka. Juu ya hayo, sasa kuna mitambo inayochora picha bila kamera, na baadhi ya mitambo hiyo imefundishwa kwa picha za wapiga picha hao hao.

Liko pia tatizo la malipo. Kwa miaka mingi Mtanzania mwenye akaunti ya PayPal aliweza kulipa lakini hakuweza kupokea, wakati jirani zetu wa Kenya tangu mwaka 2018 waliweza kuzitoa fedha zao kupitia M-Pesa. Kijana aliyeuza kwa haki hastahili kumtafuta mtu wa nchi nyingine ampokelee jasho lake.

Lakini neno lililo zito zaidi ni la yule anayepigwa picha. Baada ya mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa mwaka 2007 na 2008, wageni wengi wenye kamera walikwenda Buhangija, mjini Shinyanga, na Ukerewe. Wengi walikwenda kwa nia njema. Hata hivyo, tunauliza: mtoto aliyefichwa ili asiuawe, nani alimwombea ruhusa sura yake ionekane dunia nzima? Mawakala wenyewe hudai hati ya ridhaa iliyotiwa saini kabla sura ya mtu kutumika katika tangazo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda kila mwananchi. Kijana wa kwetu asiyafanye kwa jirani yake yale tunayoyalaumu kwa mgeni. Mchimbaji aliyemo ndani ya duara ana haki ya kusema hapana.

Kwa maoni yetu, Serikali imekwisha kuonyesha njia. Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu mjini Geita, ili mchimbaji mdogo apimiwe kwa mizani inayoonekana. Mpiga picha naye anahitaji mizani yake. Tunawaomba Maafisa Utamaduni wa wilaya waandae hati ya ridhaa kwa Kiswahili chepesi. Tunaiomba COSOTA, iliyotokana na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, iwafikie wapiga picha wa Kahama na wa Chato, sio wa Dar es Salaam peke yao. Na wenzao wa Zanzibar, wenye sheria yao ya mwaka 2003, wafanye vivyo hivyo Unguja na Pemba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwisho, tunawageukia wakuu wa ofisi. Soko la kwanza la picha zetu si New York. Soko hilo ni kalenda ya halmashauri, taarifa ya mkoa na bango la barabarani. Picha hizo mara nyingi huokotwa mitandaoni bila jina la mpigaji wala malipo. Sisi wa magazeti nasi hatujitoi katika lawama hiyo. Tukianza sisi kulipa na kuandika jina la mwenye picha, tutakuwa na uso wa kudai haki hiyo kwa walio mbali. Tusipoanza, tutaendelea kulalamika kwamba mgeni anachota mali yetu, ilhali sisi tulikuwa wa kwanza kuichota.