JE, SUKARI KWELI NI CHAKULA CHA KUTIA NGUVU?

Ndugu zangu wanafunzi, napenda katika ukurasa huu tuzungumze juu ya kitu kinachoingia vinywani mwetu kila siku bila kukifikiria, nacho ni sukari.

Shuleni wengi wetu tulifundishwa kuwa vyakula ni mafungu matatu: vya kujenga mwili, vya kulinda mwili na vya kutia nguvu. Katika fungu la kutia nguvu tukaandika: ugali, viazi, muhogo, mafuta, sukari. Tukakariri, tukafaulu mtihani. Lakini je, sukari na matobolwa ni ndugu wa fungu moja kweli?

Mama yangu mkubwa, mkulima wa pamba hapa Bariadi, aliamini hivyo. Akirudi shamba amechoka, alikunywa chai ya vijiko vitano ili arudishe nguvu. Alipopimwa na kukutwa na shinikizo la damu, katika kituo kimoja cha afya alielezwa aache samli na apunguze chumvi. Alitii kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kuhusu sukari hakuulizwa wala hakuambiwa neno. Samli ilipotoka nyumbani sukari ikaongezeka, kwa sababu uji usio na samli alisema hauna ladha. Baada ya miaka kidonda kidogo mguuni kikakataa kupona. Kumpima, kumbe ana kisukari cha siku nyingi, na vidole viwili vikakatwa.

Sisemi kwamba sukari peke yake ndiyo iliyomletea maradhi yale. Umri, urithi, unene na kutoushughulisha mwili vyote vina sehemu yake. Ninachouliza ni hiki: kwa nini alihadharishwa na samli, akaachwa na sukari?

USHAURI HUU ULITOKA KWA NANI?

Ninyi mnaosoma hadithi mnajua kwamba hatuipokei habari mpaka tuitazame sanadi yake: nani kasimulia, kutoka kwa nani, na je, ni mwaminifu? Basi tuitazame sanadi ya ushauri wa chakula.

Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakibishana juu ya ugonjwa wa moyo. Ancel Keys wa Marekani alisema tatizo kubwa ni mafuta ya wanyama. John Yudkin, profesa wa lishe wa London, akasema tuitazame sukari, na mwaka 1972 akatoa kitabu cha kuionya dunia. Yudkin alidharauliwa, na sauti ya kuogopa mafuta ndiyo iliyoenea katika miongozo ya nchi nyingi.

Mwaka 2016 jambo likafichuka. Mtafiti Cristin Kearns na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha katika jarida la JAMA Internal Medicine barua za zamani walizozikuta kwenye makavazi. Zilionyesha kwamba taasisi ya wafanyabiashara wa sukari wa Marekani iliwalipa wataalamu wa Harvard dola 6,500, sawa na karibu dola 50,000 za mwaka 2016, waandike mapitio ya tafiti. Mapitio hayo yalitoka mwaka 1967 katika jarida kubwa la udaktari. Yaliyatupia lawama mafuta na kuupunguzia uzito ushahidi dhidi ya sukari, na msomaji hakuambiwa nani aliyelipa. Sanadi ya namna hiyo ingefika mbele ya maulamaa wa hadithi, mnajua wangeifanyaje.

Hata hivyo tufanye uadilifu. Yudkin naye hakuthibitisha kila alichokisema, na mafuta ya wanyama yakizidi yanapandisha lehemu katika damu mpaka leo. Kosa la wengine kuhusu sukari halitupi ruhusa ya kula nyama choma kila jioni (wapo watakaosoma makala hii kwa nia hiyo, nawajua).

INAFANYA NINI MWILINI?

Sukari tunayotia kwenye chai ni vitu viwili vilivyoshikana nusu kwa nusu: glukosi na fruktosi. Glukosi hutumiwa na mwili mzima, na kongosho hutoa insulini ili iingie kwenye seli. Fruktosi kwa sehemu kubwa hushughulikiwa na ini, na ikizidi ini huigeuza mafuta. Ugali nao hugeuka glukosi, hilo tusilifiche, na sembe nyeupe hugeuka upesi. Lakini dona, mtama, michembe na kunde vina nyuzinyuzi, madini na vitamini. Sukari inaleta nguvu tu, haina kingine. Na ikiwa ndani ya kinywaji hupita haraka, wala tumbo halihisi kama limekula.

Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa marehemu Profesa McLarty na wenzake katika vijiji sita vya Tanzania, vikiwemo vya jirani zetu wa Mara. Wenye kisukari hawakufika hata mtu mmoja katika mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1. Tafiti hizi mbili hazikufanywa kwa namna moja, ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini tu, hivyo tusizilinganishe kama hesabu ya dukani. Lakini tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

PIMENI NYUMBANI KWENU

Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwa chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Gramu 25 ni kama vijiko sita vya chai. Sasa chukueni kalamu. Nyumba ya watu wanane ikimaliza kilo moja kwa siku nne, kila mtu amekula gramu 31 kwa siku, karibu vijiko vinane, kabla hajanunua soda. Na soda moja ya chupa ina vijiko kama vinane au tisa. Siku ya khitma tunawazawadia watoto soda mbili mbili, tunawaambia hongera.

Mtaniuliza: na asali, Ustadhi? Asali imetajwa katika Surat An-Nahl kuwa ina shifaa, na sisi tunaamini hivyo. Lakini dawa ina kipimo chake. Shirika hilo limeihesabu asali pamoja na sukari, na mgonjwa wa kisukari akinywa kikombe chake kizima atapanda kama aliyekunywa chai tamu. Tende tatu za kawaida za kufuturia hazifiki sukari ya nusu chupa ya soda, na zina nyuzinyuzi. Tatizo la futari zetu ni kinachofuata baada ya tende: uji mtamu, juisi ya unga, chai, kisha soda. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika na kilo kuvuka shilingi 4,000, niliwasikia watu wakisema mwaka huu hakuna futari, ilhali viazi, mihogo na kunde vilijaa sokoni.

Aliye na mgonjwa nyumbani asije akamwachisha dawa kwa sababu ya makala hii. Vidonge na insulini vina kazi yake, na anayevitumia akibadili ulaji ghafla sukari inaweza kushuka akaanguka. Amwambie daktari wake kwanza.

Mama mkubwa sasa anakunywa chai kavu, anaitafunia matobolwa na karanga. Mwezi wa kwanza alilalamika kila asubuhi. Mwezi wa tatu nilimtilia kijiko kimoja kwa kusahau, akakirudisha kikombe akaniuliza kama nataka kumuua.