Kiongozi Kimefika

Mgeni anayejifunza Kiswahili akisema “kiongozi kimefika”, wenyeji hucheka. Mimi mwalimu wake hufurahi. Mwanzoni alikuwa akisema “kitabu yangu”, “viti yetu”, kila jina likibandikwa y- bila kujali ngeli. Sasa ameng’amua kwamba mwanzo wa jina ndio unaoamua viambishi vinavyofuata: kitabu kimepotea, kikombe kimevunjika. Alipokutana na kiongozi akatumia kanuni ileile. Sentensi hiyo hakuisikia kwa mtu, kaitunga mwenyewe. Kilichobaki ni kujua kwamba watu na wanyama hupatanishwa kwa a- na wa-, hata jina likianza na ki-: kiongozi amefika, kiboko amezama, kipepeo ameruka.

Zamani walimu wengi waliyaona makosa ya namna hii kuwa mazoea mabaya ya kung’olewa haraka. Mwaka 1967 mwanaisimu Mwingereza, S. Pit Corder, alieleza kwamba makosa ya mwanafunzi yana mpangilio, na yanamwonyesha mwalimu amefika wapi. Mwaka 1972 Mmarekani Larry Selinker akaenda mbele zaidi: mwanafunzi ana lugha yake ya njiani, yenye kanuni zake, ambayo si ya kwao wala si ile anayoitafuta. Selinker alitahadharisha pia kwamba wengi hukwama humo, kosa likaota mizizi.

Kwa hiyo kusahihisha ni lazima. La kupima ni namna ya kusahihisha. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Kanada ambako watoto husomeshwa kwa Kifaransa, lugha isiyo ya nyumbani kwao. Matokeo waliyoyatoa mwaka 1997 yalionyesha kwamba walimu walipenda kuirudia sentensi kwa usahihi, na mara nyingi watoto waliendelea na maneno yao kana kwamba hawakusahihishwa. Walipodokezwa tu, wakaachiwa watafute wenyewe, walijirekebisha zaidi.

Ndiyo maana darasani husema, “Kiongozi… ni mtu, sivyo?” kisha nangoja. Kimya hicho huwa kirefu, na mwalimu asikikatize. “Kiongozi a… amefika!” Siku chache baadaye mwanafunzi huyohuyo ataniletea “rafiki wangu amefika”, kwa kuwa rafiki naye ni mtu, na tutaanza kazi ya “rafiki yangu”.